Majivu ya Kuazima

Sheria inasema kila nyumba ichome ndoo moja ya makaa ya mawe kwa siku, hata kama paa lina paneli za jua. Za kwetu zinapika, zinapasha maji, zinapiga pasi, na umeme unabaki. Lakini wakubwa wameona heri tuchome bure kuliko kuufunga mgodi. Nyumba isiyochoma, mtu wake wa mgodini anaachishwa kazi. Wa kwetu ni mume wangu, Betramu.

Kila asubuhi balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Otmari, hupita kukagua majivu. Leo shikamoo yangu aliiitikia mkono wake ukiwa tayari ndani ya karai la majivu. Yalikuwa ya moto. Nilikuwa nimeyaazima kwa jirani, kama watu wanavyoazimana chumvi, nikayapasha kwenye jiko la umeme.

"Jua ni zuri, Mama Gaudensia," alisema, akifuta vidole kwenye pazia langu. "Lakini umeshaona nani ameajiriwa kuchimba jua?"

"Na mapafu ya mwanangu yameajiriwa na nani?"

"Mwanao anakula jasho la nani?"

Alitoka, nikashusha pumzi. Kumbe alikuwa amesimama kibarazani.

"Haya majivu si yako," alisema. "Siku ya nne leo simsikii Gaudensia akikohoa."

Akavuta kigoda hadi uani, mahali ambapo moshi hautamfikia, akaketi kunisubiri niwashe makaa.