Valvu Mpya za Mkunga

Fundi Sekiondo alikanyaga kiki ya pikipiki kuukuu ya mkunga Tunu, ikashuka kama amekanyaga hewa. Valvu zilikuwa mpya, ila injini haikubana upepo. Akaifungua tena, mgongo ukimuuma, akamimina petroli juu ya valvu kuona kama zinaziba. Ikavuja.

“Mama, kosa ni langu,” alisema. “Nilizifunga bila kuzisaga zikae sawasawa. Nilikuwa nimechoka.”

Tunu, aliyekuwa na mjamzito mwenye uchungu akimsubiri ng’ambo ya mto, alijishusha akaketi juu ya tairi. “Nami nimechoka, fundi. Nionyeshe, tusage kwa zamu.”

Walisokota kijiti cha kusagia valvu kati ya viganja mpaka vikawaka moto. Injini ilipowaka, Tunu aliondoka bila kuaga. Sekiondo alibaki ameketi, viganja vyake vikisuguana polepole, havina kitu ndani, kana kwamba bado vinasokota kijiti.