Kopo Lisilo na Lebo

Mama aliusukuma mlango wa jiko kwa kisigino, akauegemea, ndipo akafungua kopo. Binti yake alimwona kupitia dirisha la nyuma, akiwa amechuchumaa uani akijifanya anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Kopo lilikuwa jeupe, halina lebo. Mama alichota vijiko viwili vya unga, akavitia kwenye uji wa shayiri, akakoroga harakaharaka, kisha akalirudisha kopo nyuma ya sufuria kubwa.

Mama alikuwa muuguzi. Dawa haikuwa kitu kigeni mikononi mwake.

"Mshale wangu, uji tayari!" aliita, kwa sauti tamu kupita kiasi.

Mshale, kama walivyozoea kumwita nyumbani, aliunywa. Kila funda alilinusa kwanza.

Zamani asingeshuku kitu. Mwaka uliopita, kwenye mchujo wa timu ya taifa, alishika nafasi ya pili kutoka mwisho: dakika thelathini na nne kwa kilomita ishirini. Aliifungia baiskeli stoo, akalala siku nne bila kutia kitu kinywani, akasema hataki kusikia tena habari za magurudumu. Wazazi wake ndio waliomnyanyua. Baba, fundi bomba, alijigeuza kocha. Kila Jumamosi asubuhi alitangulia na pikipiki, akamsubiri kwenye kilomita ya ishirini, saa mkononi. Hata kile kifaa cha kuonyesha mwendo alikingʼoa kwenye usukani, eti kinamfanya mtoto akodolee namba badala ya barabara. Mama naye alinunua mizani ya jikoni, akawa anapima viazi na mayai kana kwamba anauza dhahabu.

Wiki ya tatu, dakika thelathini na tatu. Wiki ya sita, thelathini na mbili na nusu. Wiki ya kumi, thelathini na moja. Baba alirukaruka pale kando ya barabara mpaka kofia ikamdondoka.

Mshale alitabasamu, lakini roho haikutulia. Pumzi ilikuwa ileile, mapaja yaliwaka vilevile. Mtu hapunguzi dakika tatu hivihivi tu. Na siku ya mchujo wa mwaka huu watapima mkojo. Atakayekutwa na dawa mwilini anafungiwa miaka minne, na jina lake linatangazwa kila mahali.

Jioni moja alipita barazani bila viatu, akawasikia wakizungumza sebuleni.

"Akija kugundua je?" mama aliuliza.

"Atagundulia wapi? Wewe mpikie tu. Hayo mengine niachie mimi."

"Mimi siku ya mchujo ndiyo inayonitia tumbo joto, mume wangu."

"Si unaona anavyocheka siku hizi? Tulia, mke wangu."

Alirudi chumbani kwa ncha za vidole. Wiki ile yote alimwaga uji kwenye sinki, akafungulia maji. Jumamosi baba akabonyeza saa: thelathini na sekunde arobaini.

Kumbe si uji peke yake! Chupa ya maji ya kunywa njiani huwa anaijaza baba.

Alichota unga wa kopo kidogo, akamimina maji ya chupa kwenye kichupa, akampelekea binamu yake aliyekuwa mtaalamu wa maabara ya vyakula. "Usiniulize kitu," alimwambia. "Niangalizie tu."

Siku tano alizosubiri zilikuwa ndefu. Mezani alikula akiangalia sahani.

"Mbona umeninunia, mwanangu?" mama alimuuliza.

"Nimechoka tu, mama."

Angesema nini? Unamwulizaje mama yako mzazi kama anakulisha dawa?

Binamu alipiga simu siku mbili kabla ya mchujo. "Dada, huo unga ni soya, karanga na mbegu za maboga. Maji ni maji, yana limau na chumvi kidogo. Kama hizo ni dawa, basi kuku wote wafungiwe."

Mbegu za maboga! Tangu utotoni akizionja tu anazitema, ndiyo maana mama alikuwa anazificha. Mshale alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akalia kwa aibu. Aliwadhania ubaya watu wasio na kosa. Na zile dakika zote, kumbe zilikuwa zake mwenyewe, za miguu yake mwenyewe! Asubuhi iliyofuata alikunywa bakuli mbili, akamkumbatia mama hadi mwiko ukaanguka.

Kikomo cha kuingia timu kilikuwa dakika thelathini na mbili. Mshale aliondoka mstarini bila woga hata chembe. Alikanyaga pedali kama hajawahi kukanyaga, kichwa chini, mgongo umelala, na alipovuka mstari wa mwisho alikuwa karibu aanguke. Wazazi wake walisimama nyuma ya kamba. Hawakushangilia.

"Ngapi?" alimuuliza mwamuzi, akihema.

"Thelathini na nne na sekunde tano."

"Haiwezekani! Saa yako mbovu hiyo. Baba, hebu mwambie Jumamosi nilipata ngapi!"

Baba aliangalia viatu vyake. Mama alimvuta mkono wa shati, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilisikika:

"Nilikwambia umpunguzie sekunde chache tu, siyo dakika nzimanzima."