Mlo wa Jarida

Watiri aliinua sufuria ya githeri ya mahindi na maharagwe iliyoiva vizuri, yenye viazi na nyama, akawamwagia kuku yote. Mumewe, Mathenge, alisimama mlangoni akiangalia. Mtu ana bucha yake mjini Nyeri, anauzia watu nyama kutwa, na nyumbani kwake ananyimwa!

Kisa ni jarida. Watiri alilinunua sokoni, ukurasa wa mbele una mwanamke mwembamba anayecheka, na maneno makubwa: Pungua Bila Jasho. Tangu hapo nyumba ile ikawa ya supu. Supu ya kabeji asubuhi, supu ya kabeji jioni, katikati maji ya limau. Nyama marufuku, maharagwe marufuku, maziwa ndiyo usiseme.

Majirani walicheka. Huku kwetu mke akinenepa ni sifa ya mume. Sasa huyu anaukondesha mwili uliolishwa maini miaka yote, ili iweje? Kabura wa nyumba ya pili alisema wazi kwamba Watiri ameona mwanamume mwingine. Maneno yalimfikia Watiri, akaendelea kukatakata kabeji.

Ajabu ni kwamba mlo ulimshika zaidi Mathenge. Yeye ndiye aliyepungua mbio, suruali zikawa zinashikiliwa na mshipi tu, na Watiri hakuchoka kumsifu. Mbele ya wageni alimwambia, "Baba Kingori, umenishinda. Hii kitu imekukubali wewe kuliko mimi." Mathenge alijipiga tumbo akatabasamu kama mtoto aliyesifiwa shuleni.

Jumapili moja Watiri alianguka kanisani, katikati ya wimbo. Hospitalini walisema amepungukiwa damu.

Ndipo Nduta, dada mkubwa wa Mathenge, alipokuja kutoka Timau. Nduta ni afisa wa lishe, na subira hana. Alilisoma lile jarida akiwa amesimama jikoni, akauliza protini iko wapi, madini ya chuma yako wapi, mtu mzima ataishije kwa majani na maji. Alimwambia Watiri kwamba aliyeandika mambo hayo hajawahi kulisha hata sungura. Kisha akasema kilichomleta: anamchukua ndugu yake ampeleke Timau, akamlishe kabla hawajamzika.

Watiri alishika meza.

"Dada, nitukane vile unataka," alisema. "Lakini usinichukulie mzee. Na atakula tu ile napika."

"Unamuua, Mama Kingori."

Machozi yalimtoka Watiri, wala hakuyafuta, na Nduta akayaona ni ya kiburi. Uchungu ulimjaa. Ndugu mmoja tu aliyebaki kwao, na sasa anakufa kwa ajili ya urembo wa mtu!

Alitoka akamkuta Mathenge uani, karibu na banda la ng'ombe. Alimshika mkono, akashtuka jinsi mifupa ilivyo karibu. Alimwambia aende akafungashe nguo, gari liko nje, na mambo ya mkewe yatazungumzwa akishapata nguvu.

Mathenge aliangalia kwanza kama mlango wa jikoni umefungwa.

"Usimgombeze tena," alisema polepole. "Ile siku tulienda nipimwe koo, daktari alimwita kando. Walidhani nimelala. Ni saratani, dada, na imeshaenea. Alitoka hapo akapitia sokoni, akanunua hiyo jarida."

Nduta alimwachilia mkono.

"Anataka nikikonda nifikirie ni kabeji," Mathenge alisema. "Tafadhali, usimwambie najua."