Waya wa Betri

Bi Rukia wa nyumba ya pili anashikilia kwamba siku ya ajali ya gari mfuko wa hewa wa usukani uligoma kufumuka kwa sababu marehemu Hemedi alitoka bila kumuaga mama yake. Mtaa mzima umeyameza hayo. Zamda, mjane wake, ameyasikia mpaka masikio yamekufa ganzi.

Leo alikwenda gereji kwa shemeji yake Kombo, aliyekuwa akibadilisha kava la usukani ili gari hilo la marehemu liuzwe. Ni Kombo huyohuyo aliyelitengeneza lilipogongwa mara ya kwanza, Hemedi akiwa hai.

Zamda anamjua kazini, maana chakula chake cha mchana humletea yeye. Kombo hagusi usukani wa mtu kabla ya kuchomoa waya wa betri, kisha hukaa pembeni akingoja umeme uishe. "Mfuko huu bomu, shemeji," humwambia. "Ukikulipukia hubaki na pua ya kupengea."

Leo hakufungua hata boneti. Alipenyeza bisibisi akabandua kava kama afunuaye sufuria.

"Shemeji, na waya wa betri?"

Kombo akataka kulirudishia kava. Ndani ya usukani hamkuwa na mfuko. Mlikuwa na matambara machafu, yameshindiliwa yakashindilika.

"Ulijua," Zamda alisema. "Tangu siku ile ulijua."

"Ule wa kwanza ulishalipuka; nilisema nitatafuta mwingine, shemeji. Siku zikapita."

"Nitazame usoni, ndugu wa mume wangu."

Kombo akainama, akaanza kutafuta sakafuni skrubu aliyokuwa ameishika mkononi.