Kimya cha Kabla ya Kuita

Kila Ijumaa, katikati ya kufua, Zamda alimpigia mdogo wake Mwajabu, kisha akakata kabla hajausikia mlio wa kuita. Kitochi chake cha zamani kilimpa nafasi hiyo. Akishabonyeza, kilikaa kimya kikitafuta mtandao, na ndani ya kimya hicho Zamda aliyasema yote yaliyomkaa kooni tangu walipogombana kwenye arobaini ya mama yao: kwamba yeye Zamda ndiye aliyekosa, kwamba nyumba haikaliki bila mdogo wake. Halafu akakata, akaendelea kuanika.

Leo alikuwa na simu mpya, aliyonunuliwa na mwanawe baada ya mtandao wa zamani kuzimwa na kitochi kubaki bila kazi. Aliketi juu ya ndoo, akainuka, akauzunguka ua, akaketi tena. Mwishowe akabonyeza jina la Mwajabu.

Simu ikaita pale pale, kabla hajafumbua mdomo. Kile kimya hakikuwepo. Akabonyeza alama nyekundu, lakini kidole chenye povu kikateleza juu ya kioo, kikateleza tena.

"Dada Zamda?"

Sauti ilikuwa safi, kama ya mtu aliyesimama nyuma ya mlango.

"Kila Ijumaa naona umepiga, ukakata. Leo usikate," Mwajabu akasema. "Ngoja niteremshe chungu, nakuja."

Nyayo zikaenda mbali. Zamda akakifuta kidole kwenye kanga mpaka kikakauka, akakirudisha juu ya ile alama nyekundu bila kuigusa. Kule ng'ambo mfuniko ukagonga sakafu, na nyayo zikaanza kurudi.