Tonge la Bukari

Nilimkuta mume wangu, Édouard, nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Makomeno, akimlisha farasi wake bukari, ugali wetu wa mahindi, kwa mkono.

Farasi mwenyewe bado mtoto, hajafika hata miaka mitatu. Nilipomgusa shingoni, mafuta yalitikisika chini ya kiganja changu. Daktari wa wanyama alishatuambia tumpunguze unene polepole, tusimnyime chakula ghafla. Tumpe nyasi kavu zilizolowekwa majini, tumtembeze kila siku, na vyakula vya unga asivione kabisa.

"Docteur alikataza," nikasema.

"Farasi ikikonda, bantu batasema Édouard ameanguka. Leo bageni banakuya."

Farasi alimeza tonge, kisha ulimi wake mzito ukalamba kiganja cha mume wangu hadi katikati ya vidole. Édouard akacheka. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, kwa jicho lilelile analomtazamia mnyama wake.

"Na weye, mama, unaanza kukonda. Unataka banicheke?"

Hakunawa. Kwa vidole vilevile, vikiwa vinang'aa mate na unywele mmoja mweusi umenata kwenye kidole gumba, akafinyanga tonge jingine, akalileta hadi midomoni mwangu.

"Kula."

Nikageuza uso, nikafungua kamba ya farasi, nikamvuta hadi kwenye geti.

"Unamupeleka wapi?"

"Kumutembeza," nikamjibu. "Docteur hakusema turudi saa ngapi."