Penalti ya Mzee Asukile

Asubuhi ile mzee Asukile alikuwa uani, analipaka mafuta ya mgando gongo lake la plastiki kama mtu anayekwenda kuposa.

"Kimataifa!" alisema. "Ubingwa wa vilabu. Wanaume watupu!"

Kimataifa yenyewe ilikuwa Waswidi sita wa mradi, walioleta mchezo huo wa magongo na kipira chenye matundu, na Wazambia watano. Basi, ongeza Mbeya na Iringa. Uwanja ulikuwa ghala la mbolea pale Uyole. Ukianguka, unaamka mweupe.

Asukile, mwenyekiti wa Mbeya, kombe hakulijali sana. Alimtaka mtoto wake. Anania alikuwa fundi redio Iringa, na ndiye kapteni wa huko. Walishaahidiana mbele za watu: Iringa wakishinda, Anania anabaki na redio zake. Wakishindwa, anarudi na mke wake kuishi kwa baba na kulima.

"Mkamwana wangu hajambo?" Asukile alimuuliza mlangoni mwa ghala.

"Hajambo, baba. Anakusalimu."

Mzee akacheka. Miaka mitatu hajawahi kuuona uso wa mkamwana. Ndivyo Wanyakyusa tulivyo, mke wa mtoto akimsikia baba mkwe anakimbia kujificha. Krismasi Asukile alikohoa uani mara tatu, makusudi tu. Mara tatu yule dada akatupa ndoo akapotelea nyuma ya banda. Mzee aliona hiyo ndiyo sikukuu.

Fainali ikawa Mbeya na Iringa. Kipa wa Iringa alikuwa kamtu kembamba, koti kubwa, glovu, kichwani kofia ya wavu ya mfuga nyuki. Hakusalimia mtu. Mapumziko alikaa nje peke yake.

"Kipa wenu bubu?"

"Ana aibu tu, baba."

Kwenye mchezo huo kipa hana gongo, anadaka akiwa amepiga magoti. Asukile, kwenye kiti chake upande wa pili, aliwaambia wenzake, "Mwanaume mzima anapiga magoti! Iringa wameishiwa watu?"

Lakini yule wa magoti alidaka kila kitu. Dakika ya mwisho, bila bila, Mbeya wakapewa penalti.

"Nipisheni!" Mzee, miaka hamsini na nane, kitambi mbele, akasogea mpaka hatua sita kutoka golini. Akaweka kipira chini. Akakohoa.

Kipa akageuka pale pale, akajikunja sakafuni, uso kwenye nyavu.

Kipira kikatambaa kama konokono, kikapita kando ya kisigino chake. Ghala zima likaangua kicheko.

"Mmeona? Nimekohoa tu, mtu amekufa!" Asukile alipiga kelele. "Mwoga huyo mmemwokota wapi?"

Anania alimshika kipa mkono, wakatoka.

Jumatatu mzee alipeleka telegramu posta, kifua mbele:

UMESHINDWA. RUDI NA MKEO. KIPA MWOGA MUACHE HUKO HUKO.

Ilifika Iringa mchana. Anania aliisoma, akampa mke wake, aliyekuwa anaanua kofia ya nyuki kambani. Mke akaisoma mara mbili, akaikunja, akaichomeka ndani ya glovu yake.

Posta ya Mbeya mzee ameshakwenda mara nne. Hakuna jibu.